Kidole Mdomoni

Televisheni ililetwa kwa baiskeli,
imefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu,
kutoka Chuda mpaka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
na Mndolwa aliyeikokota akasema tu:
"Bi. Mkutubi, ya wahisani hii. Na padi mbili.
Moja kitufe chake kimelegea, lakini pasi inapiga."

Nami nilikuwa na miaka ishirini na sita ya kunyamazisha watu.

Nikawapa kona ya magazeti ya zamani,
Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi,
kwa sharti lililobandikwa ukutani kabla sijaajiriwa:
KIMYA.
Nilijua hawamalizi mwezi.
Nani kaona goli likifungwa kwa kunong'ona?

Wakaja. Kihiyo na mdogo wake, Hoza wa fundi cherehani,
watoto wa Mabawa, watoto wa Makorora,
waliozoea kibanda cha mia tano kwa mechi
ambako anayefungwa anapisha
na anayebisha anatolewa kwa shingo.
Kwangu walicheza wameuma kola za mashati.
Goli likiingia, mtu alilipiga ngumi paja lake mwenyewe,
nami tayari, kidole mdomoni,
shh.

Juma la tatu akaingia Semeni.
Bibi yake ndiye aliyempa jina,
kuwajibu majirani: semeni, mtachoka.
Hawakuchoka.
Naye hajawahi kuwasikia;
homa ya uchanga iliondoka na masikio.

Alikaa nyuma, akatazama mechi nne,
kisha akanyoosha mkono kwa padi ya kitufe kilicholegea.
Wakampa kwa huruma.
Huruma iliisha dakika ya sita:
tatu bila.
Ilipofika nne, Kihiyo alitazama dari
kana kwamba huko juu kuna refa wa kumlalamikia.

Kwao kimya kilikuwa adhabu.
Kwake ulikuwa uwanja wa nyumbani.

La tano alilishangilia.
Aliinua mikono yote miwili, akatikisa vidole hewani,
mvua ndogo inayonyesha kwenda juu.
Hoza akauliza kwa nyusi.
Akarudia, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto irabu:
makofi.
Na wavulana saba waliofungwa
wakainua mikono yao wakamnyeshea.

Baada ya hapo sikuwafuatilia vizuri.
Nilikuwa na vitabu vilivyoliwa na mchwa, na ripoti ya robo mwaka.
Niliona tu vidole vikiongezeka maneno:
kona, umeotea, rudia, mwizi wewe.
Matusi nadhani walijifunza kwanza;
sikuwa na namna ya kuthibitisha.
Wakabishana saa mbili nzima
na mzee wa magazeti meza ya pili
hakuinua macho hata mara moja.

Juzi niliwakuta sokoni Mgandini,
Kihiyo upande wa nyanya, Semeni upande wa dagaa,
katikati mikokoteni, matope, mwenye kipaza sauti cha dawa ya panya,
nao wanasimuliana mechi.
Mimi sikusikia hata bei ya vitunguu.
Wao hawakupitwa na neno.

Kihiyo akaniona. Akamgeukia mwenzake
akaweka kidole mdomoni.

Kejeli, nikasema moyoni.
Nikamwendea na uso wangu wa kazini.

"Sivyo, Bi. Mkutubi," akacheka. "Hilo ni jina lako.
Kila mtu kapewa lake. Hoza ni sindano.
Mimi" (akatazama juu, akalegeza taya)
"ni yule wa dari."

Nilirudi nyumbani bila vitunguu.

Jumamosi nilikuwa nimeinamia daftari la kuazimia,
natafuta nani hajarudisha kamusi.
Meza ikagongwa, mara mbili, kwa kiganja.
Nikainua kichwa.
Semeni alisimama na padi mkononi,
kitufe kimeng'oka kabisa, kimelala kwenye kiganja kama jino,
akaniita kwa jina langu.

Nikaitika.